Joho la Kwaya

Huku Meru na Embu kwaya zetu nyingi huvaa joho la namna moja, wanaume kwa wanawake. Ni vema, kwani mbele za Mungu sote tu sawa. Lakini majoho yakishonwa kwa kipimo kimoja, mama mwenye mwili mkubwa hubanwa kifua asipate pumzi ya kuimba, na kijana mfupi hukanyaga pindo. Mwishowe hao huiacha kwaya. Twasoma katika 1 Samweli 17 kwamba Daudi aliyavua mavazi ya vita ya Sauli, akamshinda Goliathi kwa kombeo. Basi fundi na ampime kila mwimbaji mabega, kifua na urefu, tusimpoteze hata mmoja. Mungu awabariki. Amina.