Sadaka na Mrabaha

Nasema nanyi kutoka Kambarage, mjini Shinyanga. Watu wa dini wakitaka kumwondolea maskini dhiki yake, je, yatosha kumpa sadaka?

Katika Usukuma wa zamani, mtu akiugua wakati wa kulima, nsumba ntale, yaani mkuu wa vijana, aliwaita wenzake, nao wakamlimia. Hawakumwuliza dini yake, mradi pawe na ngoma. Msaada huo ni mwema, lakini hufaa penye shamba. Mtu aliyeondolewa shambani ili mgodi uchimbwe, vijana watamlimia nini?

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Dhahabu ikatoka kwa wingi, na majirani wengi wakabaki maskini. Hapo wakuu wa dini walitenda jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa. Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA ya Waislamu hawakuja kila mmoja na kikapu chake. Walikaa pamoja, wakataka hesabu. Mwezi wa Machi 2008 wakatoa kitabu kilichoandikwa na Mwingereza Mark Curtis na mwanasheria wetu Tundu Lissu. Kilionyesha jinsi sheria na mikataba ilivyowapa wenye migodi nafuu iliyozidi. Mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya dhahabu ilipwayo Serikali, ulikuwa shilingi 3 tu katika kila 100.

Mwaka 2010 sheria iliupandisha hadi 4, na mwaka 2017 hadi 6. Sisemi ni kwa ajili ya kitabu kile peke yake. Tume ya Jaji Mark Bomani nayo ililichunguza jambo hilo hilo.

Wako wanaonung'unika ya kuwa padre na shehe hawana kazi na hesabu za kodi. Mimi naona kinyume. Mkulima hawezi kuusoma mkataba wa Kiingereza uliofungiwa kabatini Dar es Salaam. Lakini Ijumaa yuko msikitini, au Jumapili kanisani, na huko aweza kuelezwa kwa lugha aijuayo.

Tena, tangu 2017 sheria yaitaka kila kampuni ya mgodi ipatane na halmashauri, kila mwaka, juu ya kazi itakazowafanyia wananchi. Ombeni mpango huo usomwe mbele yenu: visima vingapi, madarasa mangapi, kwa fedha kiasi gani. Shehe na mchungaji wakienda pamoja kuuliza, mwenyekiti itamwia vigumu kusema hana nafasi.