TABIA YA MTU NA ULEVI WA MADAWA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Twasikia mara nyingi, mwenzetu akiisha kunaswa na bangi au heroini, watu husema, "Ndiyo tabia yake," nao hufunga maneno hapo. Wazee walisema tabia ni kama ngozi. Walakini wazee hao hao walisema samaki mkunje angali mbichi. Leo twapenda kupima ni lipi katika hayo mawili litufaalo sisi wazazi na watumishi.

Wataalamu waliochunguza hawakuona tabia moja ya mlevi. Wametaja hasa nne: kukata tamaa, wepesi wa kuingiwa na hofu, kutenda kabla ya kufikiri, na kiu ya mambo mapya ya kusisimua. Aliyekata tamaa hutafuta cha kumsahaulisha majonzi. Mwenye hofu hutafuta cha kumtuliza. Mwenye haraka hupokea apewacho pasipo kuwaza kesho. Na mwenye kiu hujaribu kwa kuwa ni kipya. Basi karipio moja haliwezi kuwafaa wote wanne.

Katika mji wa Dunedin, Nyuzilandi, wamefuatwa watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Habari zilizotolewa mwaka 2011 zilionyesha ya kuwa wale walioshindwa kujizuia utotoni, walipofika umri wa miaka 32, walizidi wenzao kufungwa na vileo na madawa. Lakini waliozidi kujizuia kadiri walivyokua, hali yao ilikuwa njema zaidi. Samaki huyo alikunjika.

Huko London nako, Bibi Patricia Conrod na wenzake waliwafunza waalimu kuzungumza na wanafunzi, kila kundi kwa tabia yake, vikao viwili vya dakika 90. Unywaji wa pombe ukapungua katika shule hizo.

Na aliyekwisha kunaswa? Huyo ahitaji tiba kuliko hukumu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011 kuwapa methadoni waliofungwa na heroini.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Nyumbani, tumjue kila mtoto kwa tabia yake kabla mwuza bangi hajamjua. Kazini, tukimwona mwenzetu anayumba, tumpeleke kwa mganga kabla barua ya kumwachisha kazi haijaandikwa. Tabia yaweza kumfikisha mtu mlangoni. Sisi tulio karibu naye twaweza kumshika mkono asiingie.