Jiwe Lilionekana, Udongo Haukuonekana: Magofu ya Pwani na Hukumu ya Haraka



Mwaka 1948 mwakiolojia Mwingereza, James Kirkman, alianza kuchimba Gede, mji wa kale uliomezwa na msitu karibu na Malindi. Miaka kumi ya kazi ilifichua msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, makaburi yenye nguzo na vipande vya kaure kutoka China. Mbele ya kuta zile za matumbawe, swali la nani aliyezijenga lilionekana kuwa na jibu jepesi. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 Kirkman aliandika kwamba majengo ya kale ya pwani ni ya Waarabu na Waajemi waliofuata utamaduni wa Kiarabu, wala si ya Waafrika. Kwamba damu ilichanganyika, alikiri. Kwamba watu wa miji ile waliwahi kuwa na utamaduni mmoja na majirani zao, alikana.

Kirkman hakuwa mzembe. Alipima, akachora, akaorodhesha hata vyungu vya kawaida vilivyofinyangwa hapo hapo pwani. Sehemu ya ushahidi uliokuja kuitikisa hoja yake ilikuwa tayari mikononi mwake.

Inakuwaje mtaalamu ashike kitu asikione? Mwaka 1946, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu nchini Marekani orodha ya sifa za mtu wasiyemjua: mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Kundi la pili lilisomewa sifa hizo hizo kuanzia mwisho. Waliotangulia kusikia “mwerevu” walimwona mtu hodari mwenye kasoro zake. Waliotangulia kusikia “mwenye wivu” walimwona mtu wa matatizo ambaye uwezo wake haumsaidii. Neno la kwanza liliyatia rangi yote yaliyofuata. Miaka sitini baadaye, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za nyuso kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo uliwatosha kuamua nani anaaminika na nani ana uwezo. Walipoongezewa muda, hukumu zao hazikubadilika sana; kilichoongezeka ni uhakika wao.

Hapo ndipo penye hatari. Wataalamu wa magofu walikuwa na miaka, si sekunde, na miaka hiyo nayo iliwazidishia uhakika. Wala ugonjwa huu haukuwa wa pwani tu. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye magofu ya mawe ya Great Zimbabwe, kusini mwa Afrika, akayahusisha na Malkia wa Sheba. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba chini ya kuta zenyewe, akatangaza kwamba waliozijenga ni Waafrika. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuutilia shaka ukweli huo hadi miaka ya 1970, kwa sababu uliwanyima kisingizio cha kutawala. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, mji wa kale wa pwani, imepatikana huko huko Great Zimbabwe, ishara kwamba bara na pwani zilikuwa zikifanya biashara kabla ya Mzungu yeyote kuja kuzitenganisha vitabuni.

Jibu la pwani lilitoka chini ya sakafu. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta msingi wa msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena, hadi akafikia alama za nguzo za misikiti midogo ya miti, wa mwanzo ukiwa wa karne ya 8. Waislamu wa Shanga walisali katika majengo ya fito na udongo kwa vizazi kadhaa kabla ya kuanza kujenga kwa matumbawe. Vigae vilivyowazunguka vilikuwa kwa wingi vya vyungu vya kienyeji. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alivifuatilia vigae vya namna hiyo, vyenye michoro ya pembetatu, akaonyesha kwamba vinaunganisha pwani na jamii za wakulima na wafua chuma wa bara. Wanaisimu nao walikuwa wameiweka lugha mahali pake: Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo na lugha za Wamijikenda.

Kwa hiyo mji wa udongo ulitangulia mji wa mawe. Udongo uliyeyuka na mvua, jiwe likabaki, na aliyekuja baadaye akadhani kilichobaki ndicho kilichokuwepo.

Mhadhara huu ungeweza kuishia hapo, Mwafrika akiwa amerudishiwa haki yake na Mzungu akiwa ameaibika. Lakini hukumu ya kwanza ikipinduliwa huacha hukumu nyingine ya haraka mahali pake. Baadhi ya wasomi waliofuata waliziona simulizi za Washirazi, watu wa pwani wanaodai asili ya Shirazi huko Uajemi, kuwa ngano tupu, zilizobuniwa na watu waliotaka nasaba ya heshima. Dhana hiyo ilikuwa na mashiko: serikali ya kikoloni iligawa watu kuwa “wenyeji” na “wasio wenyeji”, na kodi na haki zikafuata mgawanyo huo. Aliyejiita Mshirazi alidhaniwa anakimbia asili yake.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani, Mtwapa, Manda na Kilwa ikiwamo. Chapurukha Kusimba, mwakiolojia kutoka Kenya, alikuwa miongoni mwa waandishi. Kwa wengi wa watu hao wa mijini, zaidi ya nusu ya nasaba ilitoka Afrika, hasa kwa akina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Historia ya kale ya Kilwa, inayomtaja mwana wa mfalme wa Shirazi aliyenunua kisiwa kwa nguo, ilikuwa imehifadhi kumbukumbu ya kweli ndani ya hadithi. Waajemi walikuja, wakaoa. Lakini Shanga ilikuwa na msikiti tangu zaidi ya karne mbili kabla ya mchanganyiko huo.

Aliyesema pwani ni ya wageni alikosea. Aliyesema babu Mshirazi ni uongo mtupu naye alikosea, na familia nyingi za pwani zilibeba lawama ya kosa hilo wakati bibi na babu wote wawili walikuwa wa kweli.

Kazi bado ipo. Huko Songo Mnara, mji wa magofu kisiwani karibu na Kilwa, utafiti ulioanza mwaka 2009 uligundua mabaki ya nyumba za udongo katika maeneo ya wazi katikati ya majumba ya mawe, sehemu ambazo zamani zilichukuliwa kuwa viwanja vitupu. Walimu wanaopeleka wanafunzi Gede na Kilwa Kisiwani wawaanzishe kwenye maeneo ya wazi kama hayo, penye nyasi na vigae, kabla ya kuwaingiza jumbani. Na idara za akiolojia za vyuo vyetu ziombe fedha za kuchimba viwanja hivyo, kwa sababu wakazi wengi wa miji ile waliishi katika nyumba za udongo.