Haki Huanzia Mlangoni



Mwaka 1991 tulishangilia kufutwa kwa kifungu cha 2A. Vyama vingi vikarejea. Lakini mwulizeni mama wa Majengo au Kiawara, hapa Nyeri, kura imemletea nini mlangoni. Mvua ikinyesha, uchochoro huwa tope. Maji hununuliwa kwa mtungi, ilhali tumekaa kati ya Mlima Kenya na Nyandarua, chimbuko la mito. Mpangaji akilalamika, huambiwa ahame.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao bora na maji safi. Kifungu cha 196 chaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Basi bajeti ikijadiliwa, twendeni, tuulize, tuyaandike majibu. Haki isiyodaiwa hubaki karatasini.