Miaka 18 na Miaka 21: Mtoto wa Mke Wako na Visa ya Marekani

Haya ni mazungumzo yetu ya usiku. Wengi mliomba niyaandike ili myafuate polepole. Kama kawaida ya uzi huu, hatutaji jina la mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja tu.

1/ Hoja ya leo mnaijua. Msimu wa kampeni ukifika, mheshimiwa anawaambia watu wa ughaibuni: mkinichagua, nitaongea na ubalozi, familia zenu ziwafuate. Huko Marekani nako kuna wanasiasa wanaosema mhamiaji mmoja akiingia anavuta ukoo mzima nyuma yake. Wote wawili wanapigiwa makofi. Sasa tuwapime kwa mtoto mmoja tu: mtoto wa mke wako, uliyemkuta na mama yake, na ambaye leo ni kijana wa kidato cha nne.

2/ Tuanze na ukoo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, ile ya 1952 pamoja na marekebisho yake, inamruhusu raia kuombea mwenzi, watoto, wazazi na ndugu zake. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu ambaye hajawa raia, anaombea mwenzi na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa. Basi. Nyanya hayumo. Shangazi hayumo. Binamu hayumo. Na hata huyo mtoto anayetajwa ana masharti yake.

3/ Sharti la kwanza ni miaka 18. Mtoto wa kambo anahesabiwa kuwa mtoto wako ikiwa ulifunga ndoa na mzazi wake kabla hajafikisha miaka 18. Si lazima umuasili, lakini tarehe ya ndoa haina mjadala. Unaweza kuwa umemlipia karo tangu darasa la kwanza na anakuita baba mbele ya watu. Cheti kikionyesha mlioana baada ya yeye kufikisha 18, kwa sheria hiyo wewe si mzazi wake.

4/ Hapa ndipo ile ndoa yetu ya njoo-tuishi inapouma. Mmeishi pamoja miaka minane, majirani wote wanawajua kama mume na mke, lakini hakuna ndoa iliyofungwa. Siku mnayoamua kwenda kwa msajili, kijana amefikisha miaka 18 na miezi miwili. Ile miaka minane haihesabiki. Na usidanganywe na mtu wa kukurudishia tarehe nyuma. Udanganyifu kwenye ombi la visa unaweza kukufungia mlango maisha yako yote.

5/ Sharti la pili ni miaka 21. Ukiwa raia wa Marekani na ulioana na mama kabla kijana hajafikisha 18, unamjazia fomu I-130 kabla hajafikisha 21. Kuna sheria ya 2002 iliyotungwa kulinda watoto wanaozeeka wakingoja foleni. Kwa mtoto wa raia, umri unasimama siku ombi lilipopokelewa. Akiwa na miaka 20 na miezi kumi siku hiyo, hata akiitwa kwenye mahojiano Nairobi akiwa na 22, bado anahesabiwa mtoto. Lakini kumbukeni: raia hujaza fomu ya mama na fomu nyingine ya kila mtoto. Wengi hujaza ya mama pekee wakidhani mtoto atapanda humo humo. Hapandi.

6/ Mwenye kadi ya kijani mambo yake ni tofauti. Yeye akimwombea mke, mtoto wa mke aliye chini ya 21 anaweza kuingia chini ya ombi la mama yake. Ila nafasi za kundi hili zina kikomo kila mwaka, kwa hivyo kuna kungoja. Umri wenyewe unapigiwa hesabu: unachukua umri wake siku nafasi ilipopatikana, unatoa muda ambao ombi lilikaa likichunguzwa. Tuseme nafasi imepatikana akiwa na miaka 21 na miezi mitano, na ombi lilichukua miezi tisa kuidhinishwa. Ukitoa, unabaki na miaka 20 na miezi minane. Amepona. Baada ya hapo ana mwaka mmoja wa kuchukua hatua. Akilala, ulinzi huo unaweza kumponyoka.

7/ Sasa sikieni hii, maana inawashangaza hata waliokaa huko miaka mingi. Tuseme ndoa ilifungwa kijana akiwa na miaka 19. Mume akiwa na kadi ya kijani tu, kijana anaweza kumfuata mama, kwa sababu anahesabiwa kama mtoto wa mama. Mume akiwa raia, kijana hana pa kuingilia: hawezi kupanda ombi la mama, na yeye mwenyewe si mtoto wa kambo kisheria. Kwa hivyo kuna baba anayekimbilia uraia akidhani anaisaidia familia, kumbe siku anapokula kiapo, kijana anaanguka kutoka kwenye ombi. Kabla ya kuapa, uliza kwanza.

8/ Je, kijana huyo amekwisha? Hapana. Mama akishapata kadi yake, anaweza kumwombea mtoto wake wa kumzaa. Akiwa bado chini ya 21, foleni ni ile ya mwenzi na watoto wa mkaazi. Akishapita, anaingia foleni nyingine iliyo ndefu zaidi, ya watoto wakubwa. Na kama harusi bado haijafungwa, raia anaweza kutumia visa ya mchumba: mtoto wa mchumba aliye chini ya 21 huandamana na mama yake, hata kama ameshapita 18. Wazazi wanatakiwa kuoana ndani ya siku 90 baada ya mama kuingia.

9/ Jambo jingine: kijana asioe wala kuolewa akingoja. Kwa mtoto wa mwenye kadi ya kijani, ndoa inaua nafasi yake. Kwa mtoto wa raia, inamsukuma kwenye foleni ya miaka mingi. Na mdhamini naye lazima aonyeshe mapato ya angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, kulingana na idadi ya watu wa nyumba yake na hao anaowaleta. Akipungukiwa, anaweza kutafuta mdhamini mwenza.

10/ Sasa turudi kwa mheshimiwa wetu. Katika yote niliyosema, mmeona mahali anapoweza kuongea na ubalozi ili miaka 19 iwe 17? Hakuna. Sheria hiyo ni ya bunge la watu wengine. Lakini yapo anayoyaweza, na hayo ndiyo hasemi jukwaani. Cheti cha kuzaliwa kinatolewa na serikali yetu. Pasipoti ni yetu. Cheti cha maadili mema cha DCI, ambacho mwombaji wa miaka 16 na zaidi hudaiwa, ni chetu. Usajili wa ndoa za kitamaduni, ambao Sheria ya Ndoa ya 2014 inautaka, ni wetu. Kijana akikaribia miaka 21, miezi mitatu ya kuambiwa "rudi wiki ijayo" inaweza kumgharimu nafasi yake.

11/ Kwa hivyo akija kuomba kura, muulizeni hivi: cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa jina vibaya kitarekebishwa kwa siku ngapi? Pasipoti je? Msajili wa ndoa atafika lini kaunti yetu ili watu wasisafiri hadi Nairobi? Akijibu kwa tarakimu, mwandikeni. Akisema ataongea na ubalozi, mpigieni makofi ya heshima kisha muulize tena.

12/ Wewe uliye na mtoto wa mwenzako nyumbani, usingoje kampeni. Chukua kalamu, andika tarehe atakayofikisha 18 na tarehe atakayofikisha 21, kisha umwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni, si dalali wa mtaani. Kila familia ina mambo yake, na kanuni hubadilika.

Maswali tupeni hapa chini, ila msiweke majina wala nambari za watoto.