Ruzuku ya Mbolea na Haki ya Mkulima



Mkulima wa Njoro au Subukia ajua ya kuwa mvua ya masika haimngoji mtu. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidi kupandisha bei ya mbolea ulimwenguni, gunia la kilo 50 lilifika yapata shilingi 6,500. Septemba mwaka huo Serikali ilishusha bei hadi shilingi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500.

Ruzuku hii haikuwa fedha ya kutiwa mfukoni. Mkulima aliandikishwa kwa chifu wake pamoja na hesabu ya ekari zake. Kisha akaletewa ujumbe kwa simu, akalipa sehemu yake, akachukua magunia katika ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Sehemu iliyobaki ililipwa na Hazina, yaani kwa kodi ya watu wote. Basi aliyetaja ekari kumi, hali shamba lake ni ekari mbili, alimpunja jirani yake.

Lakini si wakulima tu waliokosa. Machi 2024 ilifichuka ya kuwa magunia mengine yaliyouzwa kwa bei ya ruzuku hayakuwa na mbolea ya kweli. Serikali iliahidi kuwafidia waliodanganywa. Walakini mahindi yaliyokwisha pandwa hayangoji fidia.

Kwa hiyo yafaa kila mkulima atunze stakabadhi yake, wala asilitupe gunia kabla ya mavuno, kwani ndio ushahidi wake. Mali bila daftari hupotea bila habari.