Soketi za Vyumba vya Nyongeza Zisitolewe kwenye Waya wa Taa



Nimeombwa nizungumzie uwekaji wa taa na soketi katika vyumba vinavyoongezwa kwenye nyumba ambayo tayari ina umeme. Sakiti, breka na ethi mnavijua, mafundi wenzangu. Umeme wetu ni volti 230; taa hupelekewa waya wa milimita 1.5 za mraba, soketi 2.5. Muda uliobaki nautumia kwa jambo moja: soketi zinazotolewa kwenye waya wa taa.

Mwenye nyumba amejenga vyumba viwili uani vya kupangisha, na fedha zimeishia kwenye bati na plasta. Fundi anapanda darini, anaukuta waya wa taa ya korido, anaunga taa na soketi hapo hapo. Jioni taa inawaka, simu inachaji, anapewa chake na kuondoka. Kisha anahamia mpangaji na jiko la umeme la wati 2,000 na birika la wati 2,000. Vikiwashwa pamoja vinavuta ampia 17. Breka ya taa, ya ampia 10, inakata baada ya dakika chache, na ndiyo kazi yake. Fundi anaitwa tena. Anaitoa ya 10, anaweka ya 20! Breka haikati tena, na wote wanaamini tatizo limekwisha.

Waya wa 1.5 kwenye bomba ukutani hubeba ampia 17 hivi. Darini chini ya bati, joto likifika nyuzi 50, uwezo huo hushuka hadi 12 hivi. Breka ya 20 haiulindi dhidi ya mzigo uliozidi. Ganda linakauka, maungio ya tepu yanalegea, na moto unaanzia mahali pasipoonekana.

Tena kuna ethi. Katika nyumba nyingi za zamani taa zilivutiwa nyaya mbili tu, kwa hiyo tundu la juu la soketi mpya halijaunganishwa na chochote. Pasi ikivuja, anayeishika ndiye anayepitisha umeme kwenda ardhini. Kuchimbia fimbo ya ethi peke yake hakutoshi: yenye ukinzani wa omu 50 hupitisha ampia 4.6 tu, na breka ya 20 haitashtuka. Inatakiwa RCD, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampia 30.

Bila kuingilia mamlaka ya EWURA katika leseni wala ya TANESCO katika kuunganisha wateja, niseme wazi kwamba nyumba ikishafungwa mita ya LUKU, nyongeza nyingi hufanywa bila kukaguliwa na yeyote. Hili la soketi kwenye waya wa taa nimelisema katika vikao vingine, na kila nipandapo dari nalikuta pale pale. Inaumiza.

Napendekeza soketi za nyongeza zivutiwe waya wake wa 2.5 pamoja na ethi, kutoka kwenye meni swichi, na breka yake. Jiko la umeme lipewe laini yake. RCD iwekwe na ijaribiwe kwa kitufe chake mbele ya mwenye nyumba. Maungio yawe ndani ya boksi, si tepu. Mwenye nyumba adai kuona leseni ya fundi, na fundi amwachie mchoro wa alichokifanya. Mamlaka husika zione uwezekano wa kukagua nyongeza kama zinavyokaguliwa nyumba mpya. Narudia: soketi zisitolewe kwenye waya wa taa, na breka isiongezwe ukubwa bila kubadilisha waya.

Naomba hayo mawili ya mwisho yapitishwe kuwa azimio la semina hii leo, kabla hatujatawanyika.